Mlima Usiotosha Mezani

Tuseme mkazi wa Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri, ameamua kuijenga stesheni ya kwao juu ya meza. Anachagua kipimo cha 1:87, ambacho ndicho kinachopendwa zaidi na watengenezaji wa reli ndogo duniani. Mtu mzima anakuwa na kimo cha sentimita 2. Ng'ombe wa gredi anamfika mtu huyo kifuani. Mkebe wa maziwa unakuwa ushanga mmoja. Mpaka hapo mambo ni matamu.

Kisha asubuhi moja anafungua dirisha, mlima umejitokeza wote, majabali na theluji, naye anachukua kalamu kupiga hesabu. Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, kina mita 5,199. Ukiondoa mwinuko wa Kiganjo yenyewe, zinabaki kama mita 3,400. Gawanya kwa 87, upate mita 39. Hilo ni jumba la ghorofa kumi na tatu. Tena kwa kipimo hicho hicho jumba hilo halina ruhusa ya kusimama mezani. Mahali pake ni karibu nusu kilomita kutoka hapo, katikati ya kahawa ya jirani.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Anayepanga reli ndogo hutumia saa nyingi zaidi kuamua nini kisiwepo kuliko kujenga kitakachokuwepo. Mwaka 1891, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig reli ya watoto iliyojikunja kama nambari nane, na treni ikawa inazunguka, inazunguka, haifiki popote. Mtoto haulizi inakoenda. Fundi huuliza, na swali hilo ndilo linalomtenga na mnunuzi wa vitu vya kuchezea: treni hii imetoka wapi, imebeba nini, na imesimama hapa kwa ajili ya nani? Huko Hamburg, tangu mwaka 2001, kuna jengo liitwalo Miniatur Wunderland ambalo limejaa nchi nzima nzima za kipimo hicho hicho cha 1:87, na watu hupanga foleni kuziona. Meza ya Kiganjo haiwezi kushindana na jengo lile kwa ukubwa. Inaweza kulishinda kwa ukaidi wa kutaka mahali pamoja tu, na kupata ukweli wake.

Uamuzi wa kwanza ni upana wa reli, na papo hapo historia inaingia chumbani. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilipewa upana wa mita 1, ule uliotumika sana India, kulikotoka injini zake za kwanza na maelfu ya wajenzi wake. Tawi la kuelekea Mlima Kenya lilifuata upana huo huo: Thika mwaka 1913, kisha Murang'a, Sagana, Karatina na Kiganjo katika miaka ya 1920, na mwisho Nanyuki mwaka 1930. Mita moja kwa kipimo cha 1:87 ni milimita 11.5. Madukani kuna reli za milimita 12, zinazotengenezwa hasa kwa wapenzi wa treni za milima ya Uswisi, ambazo nazo hupita kwenye njia ya mita 1. Tofauti ya nusu milimita inasameheka.

Lakini anayekwenda kununua bila kuuliza atauziwa reli ya kawaida ya milimita 16.5. Azidishe kwa 87 aone: milimita 1,435 na nukta kadhaa. Huo ni upana wa SGR, reli mpya ya Mombasa na Nairobi. Bila kujua, atakuwa amejenga njia ya Madaraka Express, iliyozinduliwa Mombasa mwishoni mwa Mei 2017, na ambayo haijawahi kukanyaga Kiganjo hata siku moja.

Uamuzi wa pili ni injini, na hapa ndipo moyo hupingana na akili. Aliyewahi kuingia katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, hawezi kulisahau lile jitu la rangi ya damu ya mzee: injini namba 5918, Mount Gelai. Ni ya aina ya 59, kati ya injini 34 zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950, zenye uzito wa tani 250 na ushei kila moja. Hapakuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizo duniani kote kwenye reli ya mita 1. Zote zilibatizwa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na ya kwanza kabisa, namba 5901, iliitwa Mount Kenya. Namba 5906 ilikuwa Mount Sattima, kilele cha Nyandarua, upande wa pili wa Nyeri.

Nani wa Kiganjo asingeitaka 5901? Jina lenyewe linaita. Hata umbo linafaa meza: injini hizi ni za mtindo wa Garratt, uliobuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo boila huning'inia katikati ya mikokoteni miwili ya magurudumu, kila mmoja ukijipinda kivyake kwenye kona. Kilichosaidia kupanda bonde la ufa kinasaidia pia kuzunguka ukingo wa meza. Kwa kipimo cha 1:87 injini nzima ina urefu wa sentimita 36 hivi, kama mkono wa mtoto.

Ila kuna neno moja: ekseli. Kila ekseli yenye magurudumu ya kuvuta ya aina ya 59 ilikandamiza reli kwa tani 21 hivi. Mzigo huo ulihitaji chuma kizito cha njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Matawi ya mashambani yalitandikwa reli nyepesi, na injini zilizoundwa kwa ajili yake, kama Garratt ndogo za aina ya 60, zilikandamiza tani 11 tu. Aina ya 60 zilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Mojawapo, 6006 Sir Harry Johnston, iko makumbushoni hapo hapo Nairobi. Basi ndivyo ilivyokuwa. Injini iliyoitwa Mlima Kenya ilikuwa nzito mno kuufikia Mlima Kenya. Magavana wangeweza kupanda. Mlima ulibaki ukivuta mizigo ya Mombasa.

Fundi mwaminifu huirudisha 5901 kabatini. Inauma, lakini ndiyo raha ya kazi hii: kila kitu kinachopendeza lazima kionyeshe hati yake ya kusafiria.

Swali la tatu ni mwaka. Wanaoanza hulidharau, wakidhani treni ya zamani ni treni ya zamani. Akichagua mwaka 1954 kwa sababu anapenda moshi, ajiandae kujenga mengine yaliyokuwepo mwaka huo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliendesha msako wa Operesheni Anvil jijini Nairobi, na familia nyingi zilizotimuliwa zikarudishwa katika wilaya za Nyeri, Murang'a na Kiambu. Mwaka huo huo watu wa mashambani walianza kuhamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na mahandaki. Jukwaa la stesheni lenye abiria wanaotabasamu na vikapu vya ndizi, bila askari, bila foleni ya kukaguliwa vipande vya utambulisho, litakuwa limetengenezwa vizuri na litakuwa uongo. Waya wa seng'enge kwa kipimo cha 1:87 ni mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Unaweza kupatikana kwa kuchambua waya wa shaba kutoka kebo kuukuu yenye nyuzi nyembamba.

Au achague miaka ya mwanzo ya 1970, enzi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977 na kila nchi kuchukua mabehewa yake. Au aje mpaka Desemba 2020, treni ya abiria iliporudi Nanyuki baada ya njia kukaa miaka mingi ikimezwa na majani, na vijana wa huduma ya taifa, NYS, pamoja na wanajeshi wakaisafisha na kuikarabati. Kila mwaka una injini zake, rangi zake, na majani yake kati ya mataruma. Mataruma yenyewe yana siri. Kwingi Ulaya yalizoeleka ya mbao, na reli ndogo za dukani huja na plastiki ya rangi ya mbao. Katika Afrika Mashariki chuma kilitumika sana, kwa sababu mchwa hawali chuma. Saa nzima ya kupaka rangi ya kutu, taruma kwa taruma, ndiyo inayoiondoa njia hiyo dukani na kuileta Nyeri.

Mabehewa huchaguliwa kwa kazi, hayachaguliwi kwa sura. Kiganjo inajulikana kwa kiwanda cha maziwa cha KCC na kwa chuo cha polisi. Eneo lote linalima kahawa, chai, ngano na viazi. Na Nanyuki, upande wa juu, inahitaji mafuta ya petroli. Hapo tayari kuna orodha: behewa la kufunikwa, la mifugo, la tangi, la wazi la mbao, na behewa la abiria lenye makurutu wanaokuja mafunzoni. Lipi lilisimama njia gani? Fundi huchukua futi, hupiga hodi kwa wazee waliofanya kazi reli, huhesabu hatua kutoka bohari hadi jukwaa. Mwisho wa wiki mbili anaijua stesheni yake kuliko anavyoijua shule aliyosomea.

Wala hahitaji nafasi kubwa. Mwingereza Alan Wright alibuni mpango mdogo uitwao Inglenook Sidings, ambao umewatesa na kuwafurahisha watu kwa miongo: njia tatu fupi, moja ya mabehewa matano na mbili za matatu matatu, na kipande cha mbele kinachotosha injini na mabehewa matatu. Unaweka mabehewa manane, unachagua matano kwa kura, na unatakiwa kuyapanga kwa mfuatano uliotoka kwenye kura, bila kuyashika kwa mkono. Mipangilio inayowezekana ni 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, yaani 6,720. Mtu akicheza mmoja kila usiku, itamchukua miaka kumi na minane na miezi kadhaa kuimaliza. Yote hayo kwenye ubao usiozidi urefu wa kitanda, na umeme wa volti 12 ambao betri ya sola ya nyumbani inao tayari, mradi aweke fyuzi.

Kisha mikono inaingia kazini, na mikono ya huku haikuanza leo. Watoto wengi wa Kenya wamewahi kusukuma gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya soda, lenye usukani mrefu wa kuendeshea wima. Aliyekunja waya ule anajua tayari kwamba kona ya bodi ndiyo inayotofautisha lori na basi. Sasa anahitaji paa la bohari, paa la mabati. Mawimbi ya bati halisi yameachana kwa milimita 76 hivi. Kwa kipimo chetu hiyo ni milimita 0.87. Hakuna duka la Nyeri linalouza bati la namna hiyo, ila kila duka la vifaa vya ujenzi linauza bolti ya milimita 5, ambayo meno yake yameachana kwa milimita 0.8. Anatandika kipande cha karatasi ya alumini juu ya kandambili kuukuu, analaza bolti juu yake, anaibingirisha polepole kwa kiganja. Anapoiinua, bati limetoka, mfereji kwa mfereji. Anakata vipande vya sentimita tatu, anavipandanisha kama fundi wa paa anavyofanya, wimbi moja juu ya jingine, halafu anagusa ukingo wa chini kwa rangi ya kutu iliyochanganywa na udongo mwekundu uliochujwa kwa chujio la chai.

Unabaki ubao wa nyuma, ule unaoziba ukuta wa chumba. Hapo ndipo kila mtu anategemea mlima, na mpaka sasa fundi alikuwa ameupa heshima hiyo: kama hautoshi mezani, basi utatosha kwenye picha. Amekwisha kuchora Batian na kilele jirani, Nelion, kwa penseli. Kisha anaikumbuka ratiba. Amechagua treni ya abiria ya 2020, ile iliyopangwa kuondoka Nairobi Ijumaa asubuhi na kufika Nanyuki jioni, kwa hiyo Kiganjo inafikiwa mchana ukiwa umekwisha kuegemea. Na mtu yeyote wa Nyeri anajua mlima ulivyo na haya: hujionyesha alfajiri, na kufikia saa nne au saa tano mara nyingi umeshajifunika. Anachukua ufutio. Anafuta kilele, anafuta bega la kushoto, anaacha mstari wa msitu tu kwa chini. Anachanganya nyeupe, tone la nyeusi na tone la bluu, anachovya kipande cha sifongo, na kuanza kugonga wingu juu ya ubao, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, huku behewa la makurutu likisubiri njia ya pili.