Waliopima Chumvi ya Vilindi

Maji ya bahari yanapoganda, sehemu kubwa ya chumvi yake hubaki nje ya barafu. Kandokando ya Antaktika, upepo mkali ushukao kutoka barani huisukuma barafu changa mbali na pwani, maji yaliyoachwa wazi yakaganda tena, na chumvi iliyotemwa ikazidi kuyalemea maji ya chini. Maji hayo, yenye baridi ya karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri, huteremka hadi vilindini yakichanganyika na mengine, kisha hutambaa kaskazini. Baadhi hufika hata sakafu ya bahari iliyo mbele ya pwani ya Somalia.

Mwendo huo haukuonwa kwa macho. Ulijulikana kwa kupima.

Chombo kilikuwa chupa ya shaba yenye jina la Nansen. Chupa kadhaa zilifungwa kwenye waya mmoja, zikashushwa na kuachwa dakika kadhaa ili vipimajoto vizoee maji. Kisha mpimaji aliachia kipande cha chuma kiteleze kwenye waya, vidole vyake vikiugusa kusikilizia mshtuko. Chuma kilipogonga, chupa ilipinduka na kujifunga, ikaachia chuma kingine kiifuate ya pili. Katika kupinduka huko uzi wa zebaki ulikatika, na joto la kilindini lilisomwa baadaye sitahani kwa kioo cha kukuzia, hadi sehemu ya mia ya nyuzi.

Chumvi ilipimwa mezani, meli ikiyumba. Nitrati ya fedha ilitiwa tone kwa tone katika maji yenye kiashiria cha manjano, mashapo meupe yakijikusanya, hadi manjano igeuke rangi ya chungwa na isirudi. Tone la ziada liliharibu kila kitu, kwa kuwa tofauti iliyosakwa ilikuwa sehemu za mia za gramu katika kilo nzima ya maji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hivyo ndivyo alivyofanya mtaalamu wa bahari Wilhelm Brennecke mwaka 1912, meli yake Deutschland ikiwa imenaswa na barafu ya Bahari ya Weddell. Vipimo vyake vilimwonyesha kwamba maji ya chini kabisa ya Atlantiki yana asili huko.

Leo vihisi vya umeme hupima mfululizo tangu juu hadi chini. Hata hivyo, chupa bado hushushwa pamoja navyo, maana kihisi huweza kupotoka taratibu bila dalili yoyote, ilhali maji yaliyomo chupani yanaweza kupimwa upya na mtu mwingine asiyekiamini.