Injini ya kweli ndani ya vichekesho

Wapenzi wa reli wa Uingereza wana filamu wasiyochoka kuitazama: The Titfield Thunderbolt ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Charles Crichton. Kijiji kinakataa reli yake ifungwe, wananchi wanaiendesha wenyewe, na wenye basi wanawahujumu. Husemwa kwamba wanaipenda kwa sababu ya hamu ya zamani. Mimi naona ni kwa sababu ya ufundi: vichekesho vyake vingi vinazaliwa na namna injini ya mvuke inavyofanya kazi. Crichton alipiga picha mwaka 1952 kwenye reli halisi ya Camerton, karibu na Bath, iliyofungwa mwaka mmoja kabla. Injini yake, Lion, iliundwa Leeds mwaka 1838, ikaja kugeuzwa pampu bandarini Liverpool hadi wapenzi wa mitambo walipoiokoa. Mzee huyo wa miaka 114 ndiye anayehema mbele ya kamera. Tazama tukio la maji: tangi limeharibiwa, abiria wanashuka na kuchota kwa chombo chochote kinachoshika maji. Mtazamaji anacheka, lakini anayejua injini anaona hatari. Maji yakipungua, bamba la juu ya tanuru hubaki wazi kwa moto, hulainika, na boila inaweza kupasuka. Mbio zile zina sababu.

Kuna atakayenipinga kwa tukio la injini iliyoibwa ikipita barabarani usiku. Ile ni mbao iliyovikwa lori, na magurudumu ya mpira yanaonekana. Ni kweli, na wapenzi wa reli huyaona mara moja. Ila wanayaona kwa sababu sehemu kubwa ya filamu imewazoesha chuma halisi. Kama yote yangekuwa mbao, nani angeyatafuta?

Pingamizi zito zaidi litatoka hapa Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Kasisi mpenda treni, na tajiri anayetoa fedha ili apate kunywa pombe asubuhi ndani ya behewa, wanatuhusu nini sisi ambao reli ya Kabalo, iliyofika ziwani mwaka 1915, ni mahindi na samaki? Swali ni la haki. Lakini hata ndani ya filamu mapenzi ya wanakijiji hayatoshi kuwapa kibali cha kuendesha reli: anakuja mkaguzi wa serikali na saa yake. Wanachelewa karibu dakika kumi, na ucheleweshaji huo ndio unaowaokoa, maana wangekimbia zaidi wangevuka mwendo unaoruhusiwa kwa reli ndogo. Huo ni mzaha wa mtu aliyesoma kanuni. Mwandishi wake, T.E.B. Clarke, alikuwa ameitembelea reli ya Talyllyn kule Wales, ambayo watu wa kujitolea walianza kuiendesha mwaka 1951. Kikomo cha filamu ninakiona hapo hapo. Talyllyn haifiki kilomita 12. Kutoka Kabalo hadi Kalemie ni 273, na ndoo za abiria haziwezi kubadilisha mataruma wala kujenga upya madaraja ya njia ndefu kiasi hicho. Kazi hiyo inadai bajeti ya serikali.