Tahidi Bila Ji

Neno "tahidi" katika mazungumzo yetu haliendi peke yake. Hutanguliwa na "ji", kiambishi kinachomrejeshea mtenda kazi yake mwenyewe: jitahidi, amejitahidi, hakujitahidi. Waliobuni jina la tamthilia ya Tahidi High, iliyoanza kurushwa na Citizen TV ya Nairobi mwaka 2006, waliliondoa hilo "ji", kisha wakalifuatisha neno la Kiingereza. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza lilinikera kama mshororo uliopungua mizani. Leo, baada ya kuvitazama vipindi vyake kadhaa kwenye simu za vijana wa Mbagala, nakiri kwamba jina lile linasema kweli. Ndivyo ilivyo shule ya sekondari katika nchi zetu: Kiswahili hufika mlangoni, Kiingereza kikashika hatamu ndani.

Tamthilia yenyewe ilidumu zaidi ya miaka kumi, umri ambao tamthilia chache za Afrika Mashariki zimeufikia. Mazingira yake ni shule, na wahusika wake ni wanafunzi waliovaa sare, walimu wanaowafukuzia, na wazazi wanaoitwa pale mambo yanapoharibika. Dennis Mugo akiwa OJ, Shirleen Wangari akiwa Shish, Sarah Hassan akiwa Tanya na Angel Waruinge akiwa Miss Morgan walipata umaarufu kiasi kwamba majina ya uigizaji yaliyafunika yale ya kuzaliwa. Mapenzi ya utotoni, wivu, utoro na adhabu ndiyo maudhui yaliyozoeleka. Waigizaji wengine walionekana wazi kuwa wamekwishaupita umri wa sare walizovaa. Hilo halikunisumbua, kwani jukwaa lina ruhusa zake.

Lililowasumbua wenzangu wapenzi wa Kiswahili ni lugha. Katika maskani zetu nimesikia tamthilia hiyo ikilaumiwa kuwa inaharibu Kiswahili, kwa sababu wahusika wake huanza sentensi kwa lugha moja na kuimaliza kwa nyingine, na katikati wakatia Sheng. Lawama hiyo siikubali. Mwandishi wa tamthilia hakuumba mchanganyiko huo. Aliuokota kwenye korido za shule na katika matatu za Nairobi. Angewapa vijana wale Kiswahili cha taarifa ya habari, angekuwa amewavika kanzu ya kuazima. Tena mchanganyiko ule una kazi ya kifani. Mhusika anapohama lugha, mara nyingi amehama pia nafasi yake: kutoka kuwa mwanafunzi hadi kuwa rafiki, kutoka woga hadi ujeuri. Mhakiki anayesikia makosa tu hajasikiliza mchezo.

Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine. Katika vipindi nilivyoviona, lugha ni pambo la wahusika, kamwe si mkasa wao. Wanaadhibiwa kwa utoro na kwa mapenzi. Sikumwona aliyeanguka kwa kuwa swali lilikuja kwa maneno asiyoyajua. Kwa mtazamaji wa Temeke, hapo ndipo tamthilia inapopita mbali na nyumba yake.

Nitatoa mfano mmoja. Binti wa jirani yangu, akiwa kidato cha kwanza, aliniletea daftari la baiolojia nimfasirie ukurasa mzima. Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na taa ya chemli. Basi tukasoma pamoja, pole pole. Tulipofika kati, nikamwambia kuwa neno lile refu lililomtisha maana yake ni usanisinuru. Akashangaa: "Babu, mbona hii naijua!" Akanieleza jani, mwanga, maji na hewa, bila kukosea hata hatua moja. Alifundishwa yote hayo katika shule ya msingi. Mmea haukubadilika, jua halikubadilika. Lililobadilika ni jina, na kwa jina hilo alikuwa amepata sifuri.

Je, huo si mkasa unaostahili jukwaa? Una shujaa, una adui asiyeonekana, una aibu ya mbele ya darasa, na una kejeli chungu ya mtu anayehesabiwa mjinga kwa jambo alilojua. Wala si mkasa wa mtoto mmoja. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, zikawafungulia mlango watoto ambao zamani wangebaki nje. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja la sifuri. Serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Sababu zilikuwa nyingi: walimu wachache, vitabu haba, maabara za jina tu. Lakini juu ya yote hayo, mtihani uliulizwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuwa nayo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliruhusu lugha zote mbili kufundishia. Hata hivyo mitihani ya sekondari imebaki na Kiingereza chake.

Asiniambie mtu kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hadithi ya shule. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika, akamfuata msichana hadi shuleni na chuoni bila kumfichia msomaji kitu, kiasi cha riwaya hiyo kupigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kilichowatisha wakubwa wakati ule ni ukweli wake. Nasi tunadaiwa ukweli wa namna hiyo, safari hii kwa runinga.

Basi siwaombi waandishi wa tamthilia wa Dar es Salaam waiige Tahidi High, wala siwaombi waisafishe lugha yake. Nawaomba waanzie pale ilipokomea. Wamweke msichana wa Mbagala mbele ya ubao, mwalimu amuulize kwa Kiingereza, na kamera isimwondokee usoni. Tuone jibu likimjaa mdomoni kwa Kiswahili. Tuone akilimeza, na wenzake wakicheka. Kisha tumfuate hadi nyumbani jioni, tumsikie akimweleza mdogo wake somo lile lile, kwa ufasaha ambao mwalimu hatausikia kamwe. Huyo ndiye aliyejitahidi. "Ji" yake ipo. Ni shule isiyoisikia.