Finje Haina Tai

Toa noti ya hamsini mfukoni, ile iliyozinduliwa Juni 2019. Mbele kuna KICC, kama noti zingine zote. Geuza. Upande wa nyuma kila noti ilipewa mada yake: mia ikapata kilimo, mia mbili huduma za jamii, mia tano utalii, elfu moja utawala. Finje ikapewa kawi safi, yaani mitambo ya upepo, sola na mvuke wa ardhini. Huenda huu ndio mchoro wa kawi uliosambaa zaidi nchini. Hapa Kipkelion unapita mikononi mwa makanga, mama mboga na watu wa boda kuliko picha yoyote iliyowahi kutundikwa kwenye jumba la sanaa.

Nataka tuusome kama tunavyosoma shairi au mchoro wa ukutani: tuangalie kilichomo, kisha tuulize ni nini kimeachwa nje. Juu ya ile mitambo, anga ni tupu. Hakuna kinachoruka. Wanyamapori wapo, lakini wako kwa noti ya mia tano, kwa watalii. Wanyama wana noti yao, stima ina yake, na mchoraji hakuwakutanisha.

Kajiado Magharibi wanakutana kila siku. Kituo cha Kipeto kilianza kuuza stima mwaka 2021, kikiwa na mitambo 60 na uwezo wa megawati 100. Eneo hilo linatembelewa na tai wa Rüppell, ambao huzaliana kwenye majabali kama yale ya Kwenia. Huyu si ndege wa kawaida. Mwaka 1973 mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, zaidi ya mita 11,000 kutoka ardhini. Mwili ule unaofika huko juu una udhaifu mmoja: tai akitafuta mzoga huinamisha kichwa, na akiinamisha kichwa haoni vizuri mbele yake. Panga la mtambo liko mbele yake. Tangu 2015, yeye na mwenzake tai mgongo-mweupe wamo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hivyo kila mkubwa anayekufa huchukua miaka kufidiwa.

Kipeto hawakukaa tu. Waliweka waangalizi, wengi wao watu wa hapo hapo, wanaoshinda na darubini wakitazama anga. Tai akikaribia wanatoa taarifa, na mtambo ulio njiani mwake unasimamishwa hadi apite. Mizoga ya mifugo inaondolewa karibu na mitambo ili tai asipate sababu ya kushuka. Na kwa kuwa muuaji mkubwa wa tai nchini ni sumu, ile inayopakwa mzoga ili kulipiza kisasi kwa simba au fisi, mradi uliingia pia kwenye kazi ya kupunguza sumu na kuimarisha maboma ya ng'ombe.

Hebu iwazie hiyo picha. Kijana kwenye kilima, darubini machoni, na mashine ndefu kuliko ghorofa nyingi za Nairobi inasimama kwa neno lake. Kuna wasiwasi ndani yake, kuna uamuzi, kuna sekunde zinazohesabika. Ingetosha filamu fupi. Mbona hatujaiona popote?

Nadhani ni kwa sababu sanaa yetu ilishamwajiri tai kwa kazi nyingine. Mwaka 2012 Boniface Mwangi na wasanii wa graffiti walichora kwenye ukuta katikati ya Nairobi mbunge mwenye kichwa cha tai, amejiketisha juu ya wananchi. "Mavulture" likawa neno la mtaa. Kama siasa, mchoro ule uligonga penyewe. Hata leo ukimwita mheshimiwa tai, hakuna anayehitaji maelezo. Lakini kama picha ya tai, ulimsingizia. Mwizi hula kilicho hai na kilicho cha wengine. Tai hula kilichokwisha kufa, na akimaliza, ugonjwa uliokuwa ndani ya mzoga hausambai. India walijifunza hilo kwa uchungu. Kuanzia miaka ya 1990 tai wao walikufa kwa mamilioni kwa sababu ya diklofenaki, dawa waliyopewa ng'ombe. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa koko wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikapanda nao.

Sasa weka picha hizo mbili pamoja. Ukutani tai ni mwizi, kwenye noti hayupo. Mtu aliyelelewa na picha hizo akisikia mtambo umezimwa kwa sababu ya tai atacheka: watu tunanunua tokeni kwa shida, nyinyi mnalinda mavulture? Simlaumu. Hajawahi kuonyeshwa kitu kingine. Ndiyo maana nasema hili ni suala la wahakiki na wasanii kama lilivyo la wahandisi. Jamii hukubali kugharamia kile ambacho imekwisha kukiona kwa jicho la akili.

Huku kwetu kuna picha ya tatu, na ni kongwe kuliko hizo mbili. Koo za Wakalenjin, Wakipsigis wakiwemo, zina wanyama na ndege wao wa ukoo, na kong'ony, yaani korongo mwenye taji, ni mmoja wao. Taswira hii inafanya kazi kinyume na ya mavulture. Inakuambia ndege huyu ni jamaa, na jamaa ana madai juu yako. Kwa uhakiki wangu hii ndiyo taswira bora ya zote tatu, kwa sababu inamfunga mtazamaji.

Ila nayo ina mipaka, kwa kuwa nguzo ya stima haiulizi mtu ukoo. Kipkelion hatuna shamba la upepo, lakini nyaya tunazo, na stima ya Kipeto na ya Turkana huingia kwenye gridi moja na ya wengine wote. Kong'ony ameorodheshwa kuwa hatarini tangu 2012, na kugonga nyaya ni mojawapo ya yanayomuua. Dawa yake haina makuu: vitu vya kuning'iniza kwenye waya ili ndege auone mapema na kuukwepa. Kwa hivyo tukihesabu gharama ya kawi ya upepo kwa ndege, tusiishie kwenye mtambo. Tufuate waya hadi mlangoni.

Mgumu zaidi kuchora ni popo. Katika hadithi za watu wengi yeye si ndege wala si mnyama, kila upande unamkana. Kwa mitambo ya upepo mambo ni yale yale: anakufa usiku, ni mdogo, mwili wake hupotea nyasini. Lakini hufa zaidi usiku wa upepo hafifu, wakati mitambo inazalisha kidogo. Huko Pennsylvania, Marekani, majaribio ya 2008 na 2009 yaliiacha mitambo imelala hadi upepo uongezeke kidogo. Vifo vya popo vilipungua kwa kati ya asilimia 44 na 93, na umeme uliopotea ulikadiriwa kuwa chini ya asilimia 1 ya mwaka mzima.

Na kwa wanaodhani rangi haiwezi kuokoa chochote, kuna kisiwa cha Smøla, Norway. Walipaka panga moja rangi nyeusi kwenye mitambo minne, ili ndege aone kitu kinachozunguka badala ya ukungu mweupe. Vifo vilipungua kwa takriban asilimia 70 kwenye mitambo hiyo. Ni jaribio dogo, na haimaanishi litafaulu kila mahali, lakini ni kazi ya brashi.

Kanuni zetu za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinataka mradi mkubwa utangazwe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano ya umma iitishwe. Hapo ndipo pa kuanzia, maana tangazo pia ni maandishi, na maandishi hukosolewa. Siku likisomwa kwa Kikalenjin, tusikilize kama linamtaja kong'ony kwa jina au linasema tu "ndege". Na mkutanoni, kabla ya kuuliza kazi ni ngapi, mtu mmoja asimame aulize: ni nani hasa atakuwa na darubini, na akisema mtambo usimame, utasimama?