Pagale na Daftari

Jijini Dar es Salaam, mtu akipata fedha yake ya kwanza ya kuwekeza kwenye nyumba, mara nyingi hukimbilia kiwanja. Wajuzi wa kazi hii huanza na mpangaji. Hujiuliza nani atalala humo, anafanya kazi wapi, nauli ya kwenda na kurudi inamla kiasi gani, na mwisho wa mwezi anabakiwa na nini mkononi. Wakishalijua hilo ndipo wanapouliza bei ya ardhi. Nimejifunza kuuthamini mpangilio huo kwa kumfuatilia mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo, mwenye vyumba vya kupangisha Tabata na Mbagala. Sijaona fundi mwenye subira kama yake.

Ana daftari. Kila mtaa anaoufikiria una ukurasa wake: chumba cha kawaida kinalipiwa ngapi, chumba na sebule ngapi, masta yenye choo chake ngapi. Bei hizo hazichukui kwa madalali. Dalali hutaja kodi inayoombwa, naye anaitaka ile inayolipwa, kwa hiyo huwauliza wapangaji wenyewe, kinyozi, mama lishe, vijana wa bodaboda. Halafu huongeza swali ambalo wageni wa biashara hii hawalikumbuki: chumba kikiachwa, kinakaa wazi muda gani? Chumba kinachokaa wazi mwezi mmoja kila mwaka kimeshapoteza zaidi ya asilimia 8 ya mapato yake. Mtaa wa kodi ya wastani ambako mtu anahama Jumamosi na mwingine anaingia Jumatatu unamfaa kuliko mtaa wa kodi kubwa wenye milango iliyofungwa.

Anachonunua zaidi ni mapagale. Jiji limejaa kuta zilizoishia kwenye lenta, majani yakiota sebuleni: mwenyewe fedha ilikata, au alihamishwa kikazi, au alifariki na warithi hawaelewani. Bei ya pagale mara nyingi huwa chini ya gharama ya kulijenga upya, na hapo ndipo penye faida ya mnunuzi anayejua kutazama. Ndipo penye mitego pia. Pagale la marehemu haligusi mpaka aone barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Asiye na uteuzi huo, hata akiwa mtoto wa kwanza, hana mamlaka ya kuuza. Muuzaji akiwa na mke, anataka kumwona mke. Nilimsikia akimwambia dalali kwa upole, "Kaka, mzee nimemwelewa vizuri, lakini naomba nikasalimiane na mama mwenye nyumba kwanza." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kuta zinazoitwa za mume mara nyingi zimepandishwa kwa jasho la wawili.

Kumtazama akikagua ni somo. Huenda baada ya mvua, si siku ya jua. Hutafuta mstari wa maji ukutani, kisha hutoa ufunguo mkobani na kukwaruza tofali. Mchanga ukimiminika, anajua saruji ilipunjwa, na bei inashuka kichwani mwake kabla hajafungua mdomo. Huinama kuangalia kama lenta ina nondo na kama nondo zimeshaanza kutu. Hupima kwa hatua nafasi iliyobaki nyuma, kwa sababu vyumba sita vinahitaji shimo la choo la kutosha, na gari la kunyonya lazima lipate njia ya kufika. Nimewaona wanunuzi wakipendezwa na kona ya sebule huku suala la gari la maji taka halijawapitia akilini kabisa.

Anauliza pia maji yanaelekea wapi, na jiji hili limewafundisha watu swali hilo kwa uchungu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia majumbani Bonde la Msimbazi, na mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zilichorwa alama ya X nyekundu na kubomolewa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kudumu za binadamu. Mwaka 2017 zikafuata nyumba za kandokando ya Barabara ya Morogoro, Kimara kuelekea Kiluvya, zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa hiyo maneno ya majirani na muhuri wa serikali ya mtaa havimtoshi. Penye hati, hulipia upekuzi kwa Msajili wa Hati aone jina la mmiliki na kama kuna rehani. Pasipo hati, huenda halmashauri kuulizia ramani ya mipango miji, kisha hurudi na kuzitafuta bikoni mwenyewe, moja baada ya nyingine, hata kama zimefunikwa na takataka.

Hesabu yake huenda kinyumenyume, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Chukua pagale moja la Mbagala lenye vyumba sita. Mtaa ule unalipa 70,000 kwa chumba, yaani 420,000 kwa mwezi. Mama anahesabu miezi 11 tu kwa mwaka: 4,620,000. Anaondoa moja ya tano kwa ajili ya kodi za serikali, ukarabati na choo, zinabaki 3,696,000. Anataka fedha yake irudi ndani ya miaka kumi, kwa hiyo kila kitu, kununua na kumalizia, kisizidi milioni 37 hivi. Fundi wake amekadiria milioni 21 za kupaua, lipu, sakafu, milango, umeme na choo. Basi pagale lenyewe haliwezi kuzidi milioni 16, hata muuzaji aseme nini. Mwenye haraka atasema hati fungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka bila usumbufu wa mpangaji. Ni kweli, na mama anazo pia. Nyumba anaichukua kwa sababu kodi hupanda na ardhi hubaki.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini haendi benki kwanza. Tangu Kampuni ya Mikopo ya Nyumba Tanzania, TMRC, ilipoanzishwa mwaka 2010 ili kuyapa mabenki fedha za muda mrefu, mkopo wa nyumba wa miaka 15 au 20 si ndoto tena. Lakini riba imekuwa takriban asilimia 15 hadi 19. Ukikopa milioni 37 kwa asilimia 17 kwa miaka 15, rejesho linakaribia 570,000 kwa mwezi. Vyumba sita vikijaa vyote vinaleta 420,000. Mkopo huo unafaa kwa mwenye mshahara wa kufidia pengo, kwa nyumba atakayoishi. Kwa vyumba vya kupangisha, unamnyonya mkopaji.

Yeye hupanga fedha kwa ngazi. Akiba ya kikoba, kikivunjwa mwisho wa mwaka, hulipa awamu ya kwanza ya ununuzi. Muuzaji hupewa awamu mbili au tatu kwa mkataba ulioandikwa na wakili. Kupaua hutoka SACCOS, ambako hukopa kulingana na akiba yake na wadhamini wanaomfahamu. Baada ya hapo hakamilishi nyumba yote kwa mkupuo: vyumba viwili vya mbele humalizwa na kupangishwa, navyo vinasaidia kumalizia vya nyuma. Kodi ya miezi sita ya mkupuo, ambayo wenye nyumba wengi huimaliza kwa wiki moja, yeye huiweka benki na kutoa ya mwezi mmoja mmoja, kwa hoja kwamba ile ya miezi mitano haijawa yake. Hata kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU na tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, humrudishia mpangaji aliyenunua umeme wa kwanza, kwani mdaiwa ni mwenye nyumba.

Mwenye lile pagale la Mbagala anataka milioni 22. Mama alimwambia kumi na sita, akaeleza hesabu yake mstari kwa mstari, na mzee hakukasirika. Sasa ni mwaka wa pili. Mama huwa anampigia simu sikukuu ya Idi kumjulia hali, bei haitajwi, na kwenye daftari ukurasa ule bado haujakatwa.