Kuisikiliza Radi Bila Kuialika

Agosti 1753, mjini St. Petersburg, mwanasayansi Georg Wilhelm Richmann alisikia ngurumo akaharakisha kurudi nyumbani. Juu ya paa lake palisimama chuma, na kutoka hapo waya ulishuka mpaka ndani, kwenye kifaa chake cha kupimia umeme. Ukaishia hapo hapo, haukufika ardhini. Radi ilimkuta ameinamia kipimo, akafa papo hapo.

Katika mji huo huo, mwaka 1895, Alexander Popov alionyesha chombo kilichoweza kuhisi mawimbi ya redio, na miezi michache baadaye kikawa kinaandika dalili za tufani zilizokuwa bado mbali. Kwangu mimi ufundi wa kuisikiliza radi ulipata adabu yake hapo. Radi haina haja ya kuletwa chumbani, inajitangaza yenyewe.

Kila mmweko wa radi hurusha mawimbi yenye nguvu zaidi karibu na kilohezi 10, nayo husafiri hata maelfu ya kilomita. Kwa hiyo antena ya kuyanasa haihitaji mlingoti. Wanafunzi wa kazi hii hawapendi kuambiwa hivyo, maana nguzo ndefu inapendeza macho. Fundi aliyekomaa huchukua vijiti viwili vya feraiti vilivyozungushiwa waya, akavilaza kwa pembe mraba, kimoja kikielekea kaskazini na kingine mashariki, akaviweka ndani ya nyumba. Mtandao wa Blitzortung, unaoendeshwa na watu wa kujitolea, umejengwa kwa vituo vya aina hiyo. Kwa msaada wa GPS, kila kituo huandika saa wimbi lilipofika, kisha saa za vituo kadhaa hulinganishwa ili kujua radi ilipiga wapi. Wimbi hukimbia mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo saa ikikosea kidogo tu, radi ya kijiji kimoja huhesabiwa kwa kingine.

Kazi inayonipendeza zaidi ni kutafuta mahali. Chaja za simu, taa za LED na televisheni hupiga kelele katika masafa yale yale, nayo mabati yakiwa karibu mno huvuruga mawimbi. Fundi huzunguka vyumba na redio ndogo ya AM iliyowekwa pasipo na stesheni, akisikiliza mikwaruzo, mpaka apate kona yenye utulivu. Anaonekana kama mganga anayetafuta hirizi iliyozikwa, na wenye nyumba hucheka.

Ikilazimu antena ikae nje, mzaha unakwisha. Isiwe kitu kirefu kuliko vyote uwanjani. Kebo ipitie kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla kabla ya kuingia ndani, na kifaa hicho kifungwe kwenye ethi, yaani fimbo iliyopigwa ardhini, kwa waya mnene, mfupi, usiokunjwa kwa pembe kali. Fimbo mpya ya ethi lazima iunganishwe na ile ya nyumba. Zikiachwa mbalimbali, radi inayopiga jirani huupa udongo nguvu zisizolingana, na umeme hutafuta njia kati ya fimbo hizo kupitia mezani kwako. Hata hivyo, hakuna waya unaoweza kustahimili kila pigo, na antena hii si kinga ya nyumba. Anayetaka kinga ajengewe kizuia radi chenye njia yake ya kwenda chini. Ngurumo ikisikika, hakuna anayepanda paa mpaka nusu saa ipite tangu ile ya mwisho.

Kandokando ya Ziwa Viktoria kuisikiliza radi kuna maana ya pekee. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji na kuzaa tufani, saa zile zile wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao ziwani. Kituo kilichofungwa vizuri Mwanza au Kisumu husikia tufani hizo zikianza. Na kama antena yake iko nje, kibanio cha shaba kwenye fimbo ya ethi kisuguliwe kutu na kukazwa kabla ya masika.