Hiari Yashinda Utumwa: Lugha katika Hazina ya Maonyesho ya Ukumbi wa Taifa wa Uganda, Nakasero

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hazina ya maonyesho ya Ukumbi wa Taifa wa Uganda, uliopo Nakasero jijini Kampala, kwa kuongozwa na swali moja: ni kazi za namna gani zilizoipa lugha fulani uraia jukwaani? Hoja kuu ni kwamba lugha hupata wenyewe ukumbini kwa njia ya kazi inayopendwa, inayochapishwa na inayosafiri. Tamko la serikali peke yake halijafanya hivyo. Hoja hii inajengwa kwa kuulinganisha Ukumbi wa Taifa na Teatro San Cassiano wa Venice, ukumbi wa opera uliofunguliwa kwa umma mwaka 1637. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo matatu kwa wapangaji wa sera ya Kiswahili nchini Uganda.

Maneno muhimu: hazina ya maonyesho, opera, tamthilia ya nyimbo, Kiganda, Kiswahili, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hii, pamoja na kuifanya somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka uliofuata, Kampala ilikuwa mwenyeji wa maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani. Kwa hiyo, upande wa maazimio hatuna upungufu.

Upungufu uko kwingine. Mijadala yetu hupima maendeleo ya Kiswahili kwa idadi ya walimu, vitabu vya kiada na vipindi vya darasani. Ni nadra kuuliza Mganda, Mwacholi au Mnyankole anakwenda wapi jioni, kwa fedha yake na kwa hiari yake, ili akisikie Kiswahili kikimchekesha na kumliza. Swali hilo linaweza kuulizwa mahali mahususi: katika jengo lililo Barabara ya Dewinton, jirani na Bunge, chini ya kilima cha Nakasero. Orodha ya kazi zilizopita pale tangu mwaka 1959 ni sera ya lugha iliyoandikwa na watazamaji wenyewe.

2.0 Mfano wa Venice

Si desturi ya makongamano yetu kuanzia Italia, lakini mfano huu una manufaa. Kabla ya mwaka 1637 opera ilikuwa burudani ya makasri: mtawala hugharimia, wageni wake hualikwa. Teatro San Cassiano, uliokuwa mali ya ukoo wa Tron, ulibadilisha utaratibu huo kwa kuuza kiingilio. Ulifunguliwa kwa opera L'Andromeda, maneno ya Benedetto Ferrari na muziki wa Francesco Manelli. Tangu mwaka 1639 jukwaa hilo lilipokea kazi za Francesco Cavalli, ambaye opera yake Giasone, ya mwaka 1649, ilikuja kuwa miongoni mwa zilizoonyeshwa mara nyingi zaidi katika karne ile.

Mambo matatu yanatuhusu. Kwanza ni lugha. Wakazi wa Venice walizungumza Kivenisi nyumbani na sokoni, lakini opera ziliimbwa kwa Kiitaliano cha kifasihi, ambacho msingi wake ni lahaja ya Toscana. Italia haikuwa nchi moja, na haikuungana hadi mwaka 1861. Watu walilipa fedha yao kusikiliza lugha ambayo haikuwa lugha ya mama kwa wengi wao, wala hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha. Pili ni uchapishaji. Maneno ya opera yalichapwa katika vijitabu ambavyo mtazamaji aliweza kuvinunua. Muziki wa L'Andromeda umepotea, lakini maneno yake tunayo hadi leo kwa sababu ya vijitabu hivyo. Tatu ni safari. Vikundi vya waimbaji vilizichukua kazi za Venice na kuzipeleka katika miji mingine, na lugha ya jukwaani ikasafiri pamoja nazo.

Tusiipambe picha hii kupita kiasi. Kiingilio hakikuwa rahisi kwa kila mtu, na familia tajiri ndizo zilizokodi vyumba vya pembeni vya kutazamia. Hata hivyo, nguzo hizo tatu, yaani kazi inayopendwa, kijitabu na safari, zinatupa kipimo cha kulihakiki jukwaa la Nakasero.

3.0 Jukwaa lililojengwa kabla ya watazamaji wake

Kituo cha Utamaduni cha Taifa cha Uganda kiliundwa kwa sheria mwaka 1959, na Ukumbi wa Taifa ukafunguliwa Desemba mwaka huohuo. Katika miaka ya mwanzo, sehemu kubwa ya ratiba ilishikwa na vikundi vya Wazungu vya wapenda maigizo, vilivyoonyesha kazi za Kiingereza, na vikundi vya jumuiya za Waasia vilivyoonyesha kwa lugha zao. Jengo lilikuwa la taifa kwa jina, lakini taifa lenyewe lilikuwa bado kuingia.

Hii haimaanishi kwamba Waganda hawakuwa na maigizo. Wycliffe Kiyingi alikuwa ameanzisha kikundi chake, African Artists Association, mwaka 1954, miaka mitano kabla ya ukumbi kufunguliwa. Tamthilia zake za Kiganda zilichezwa katika shule na kumbi za kawaida, na mchezo wake wa redio, Wokulira, ukamfanya ajulikane majumbani. Hazina ya maonyesho kwa Kiganda ilitangulia jengo, na jengo ndilo lililolazimika kuifuata.

Tukio la Novemba 1962 linaonyesha ugumu huo vizuri. Wanafunzi wa Makerere walionyesha The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika Ukumbi wa Taifa, katika shamrashamra za uhuru wa Uganda. Mhusika mkuu, Remi, ni msomi wa kwanza wa kabila lake, aliyejificha mjini akikwepa madai ya kijiji, ndoa na siasa. Kazi ina ujasiri, kwani ilitaja ukabila wakati wengine walikuwa bado wakishangilia bendera. Dosari yake haimo katika hoja bali katika masikio iliyoyachagua. Kilio cha wanakijiji walioachwa na msomi wao kilitolewa kwa lugha ambayo wanakijiji hao wasingeielewa. Tamthilia inamlaumu Remi kwa kujitenga, huku yenyewe ikitenda kosa lilelile. Kwa wasomaji wa Kiswahili, kuna jambo la kutia moyo: mwaka 1970 kazi hiyo ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Mtawa Mweusi. Tutairudia.

4.0 Kawadwa na Serukenya: opera iliyopata wenyewe

Mabadiliko makubwa yalikuja na Byron Kawadwa, aliyeshirikiana na mtunzi wa muziki Wassanyi Serukenya. Makula ga Kulabako na Oluyimba lwa Wankoko, kazi za mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni tamthilia za Kiganda ambazo nyimbo si pambo ndani yake. Nyimbo ndizo zinazobeba kisa. Wahakiki kadhaa wameziita opera, na mwandishi wa makala haya hana sababu ya kupinga, mradi tusidhani kwamba jina hilo ndilo linalozipa hadhi. Uimbaji wa kwaya, ambao Waganda wengi waliujua makanisani na shuleni, ulikutana na ngoma, mafumbo na adabu za ikulu ya Buganda. Mtazamaji hakuhitaji kufundishwa namna ya kusikiliza. Neno makula lenyewe, yaani zawadi za heshima zipelekwazo kwa Kabaka, lilimwingiza katika dunia anayoijua kabla pazia halijafunguliwa.

Tukitumia kipimo cha Venice, kazi hizi zinatimiza nguzo ya kwanza kikamilifu. Zinatimiza pia ya tatu: Oluyimba lwa Wankoko iliiwakilisha Uganda katika tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977. Katika tamasha hilohilo Kenya iliwakilishwa, miongoni mwa kazi nyingine, na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, kwa Kiingereza. Uganda ilipeleka lugha ya nyumbani, na haikuona haya.

Gharama yake inajulikana. Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa Ukumbi wa Taifa, alikamatwa ukumbini na maofisa wa dola mwaka huohuo baada ya kurudi kutoka Lagos, akauawa. Makao makuu ya idara ya usalama wa taifa ya wakati ule yalikuwa Nakasero, kilima kilekile. Istiari ya jogoo na tamaa ya madaraka ilikuwa imeeleweka vizuri mno. Hakuna uthibitisho mchungu zaidi kwamba lugha ya jukwaani ilikuwa imefika inakokwenda.

Nguzo ya pili ndiyo iliyolegea. Sehemu kubwa ya tamthilia za Kiganda za kipindi hicho haikuchapishwa ikasambazwa kwa wasomaji. Zimeishi katika kumbukumbu za waigizaji, katika miswada ya vikundi na katika nyimbo ambazo watu wazima bado wanaziimba. Kwa San Cassiano tunayo maneno, muziki umepotea. Kwa Nakasero tuna hatari ya kubaki na sauti bila maneno, na wanaozikumbuka sauti hizo wanapungua kila mwaka.

5.0 Kazi zilizokwepa uchaguzi wa lugha

Robert Serumaga alichukua njia nyingine. Katika Renga Moi (1972) alichanganya lugha kadhaa za Uganda pamoja na nyimbo na miondoko. Katika Amayirikiti (1974) aliyaacha maneno kabisa na kuuachia mwili useme. Kisanaa, hizi ni kazi za kiwango cha juu, na Renga Moi ilionyeshwa London mwaka 1975. Katika nchi ambamo neno lingeweza kumuua mtunzi, ukimya ulikuwa busara. Lakini kwa mtazamo wa sera ya lugha, njia hii haina mrithi. Mwili haufundishi msamiati, na mchanganyiko wa lugha unaopendeza kwa saa mbili hauwapi watazamaji lugha moja ya kuzungumza nayo wanapotoka nje.

Rose Mbowa alilijibu swali hilo kwa namna mbili. Mother Uganda and Her Children ya mwaka 1987 iliunganisha nyimbo na ngoma za pande mbalimbali za nchi baada ya vita. Mwaka 1995 akaigiza katika Maama Nalukalala n'Ezzadde Lye, tafsiri ya Kiganda ya tamthilia ya Bertolt Brecht. Tafsiri hiyo ina funzo la pekee: kazi ya kigeni ilikubalika kwa sababu ilisikika kama malalamiko ya mama wa Uganda, na haikuwa na harufu ya zoezi la darasani.

6.0 Kiswahili kiko wapi?

Katika orodha hii Kiswahili ni mgeni wa kupita. Makerere Free Travelling Theatre, iliyoanza safari zake mwaka 1965 chini ya David Cook na wenzake, ilibeba michezo kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, ikaipeleka kwa watu wa miji midogo na vijiji. Huo ni ushahidi kwamba jambo liliwezekana. Halikupewa muda wa kuota mizizi jukwaani Kampala.

Sababu zinafahamika. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu ukoloni, na mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri. Kwa familia nyingi za Kampala, Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani na ya mlango unaogongwa usiku. Hapa ndipo ulinganisho wetu na Venice unapofikia mpaka wake: Kiitaliano cha Toscana hakikuwa na kumbukumbu ya bunduki. Anayependekeza sera bila kuitazama kumbukumbu hiyo anajenga juu ya jeraha.

Hata hivyo, jeraha hilo ni hoja ya kutumia jukwaa, si ya kulikwepa. Darasa linaweza kumpa mtoto ngeli za nomino, lakini haliwezi kuuondoa woga wa bibi yake. Wimbo unaoimbwa na mhusika anayependwa unaweza. Mtazamaji akishamlilia mama anayebembeleza mtoto kwa Kiswahili, lugha hiyo haitabaki mali ya askari peke yake. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, na amri ya mwaka 1973 imethibitisha nusu ya pili ya methali hiyo kwa watu wetu. Nusu ya kwanza haijajaribiwa kwa dhati.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Hazina ya maonyesho ya Nakasero inatufundisha kwamba Kiganda hakikupewa jukwaa na sheria. Kilipewa na Kiyingi, Kawadwa, Serukenya, na watazamaji waliolipa. Kiswahili hakiwezi kuruka hatua hiyo, wala hakihitaji kukipokonya Kiganda nafasi yake ili kipate yake.

Yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, miswada ya tamthilia za Kiganda za miaka ya 1960 hadi 1980 ikusanywe na kuchapishwa, ikiwa na tafsiri ya Kiswahili ukurasa kwa ukurasa. Kiswahili kianze kwa kuwa mhudumu wa hazina iliyopo. Pili, Mtawa Mweusi irejeshwe kwa Kiswahili katika jukwaa ilipozaliwa, na izunguke wilayani kwa mfano wa Makerere wa mwaka 1965. Tatu, sehemu ya bajeti inayotengwa kwa maadhimisho ya Kiswahili itumike kuwaagiza watunzi wa Uganda kazi mpya za kuimbwa, na maneno yake yauzwe mlangoni katika vijitabu vya bei nafuu.

Siku mtazamaji atakapotoka nje ya ukumbi ule, akashuka kuelekea kwenye teksi huku akiimba ubeti wa Kiswahili ambao hakuna mwalimu aliyemwamuru aukariri, sera itakuwa imeanza kazi.